Mwanzi Huu Una Kosa Gani?



Kiangazi kilichopita tulikuwa tukipunguza mianzi nyuma ya nyumba yetu. Mjukuu wetu wa miaka saba alikuwa akiokota matawi yenye majani na kuwapelekea mbuzi. Tuliposhika mwanzi mmoja mrefu, ulionyooka, usio na doa wala ufa, tukauwekea msumeno, mtoto akasimama akauliza, "Babu, huo una kosa gani?"

Tulimjibu upesi kwamba umekomaa. Hakuridhika. "Lakini haujafa," akasema, akaenda zake kwa mbuzi. Mwanzi ulianguka na kazi ikaendelea, lakini swali lile tulilala nalo. Je, ni haki kukiondoa kitu kilicho hai, kizima, kisicho na kosa, ili kingine kipate nafasi? Na kama ni haki kwa mianzi, je, ni haki kwa watu? Kwa kuwa jambo hili linatuhusu sote, majumbani mwetu, katika vyama vyetu na kamati zetu, twaomba ruhusa ya kulizungumza hapa pole pole, tukianza na mianzi yenyewe.

Mianzi yetu ilipandwa na marehemu baba. Ni ile ya manjano yenye mistari ya kijani, ambayo watu wengi huipanda mpakani au kando ya kijito. Alichukua vipande vyenye vifundo, akavilaza udongoni mwanzoni mwa masika, basi. Mwanzi ni jamaa ya majani. Ndugu zake ni mahindi, mpunga na muwa. Nao una desturi ambayo miti haina. Mti huota mwembamba, kisha ukanenepa mwaka hata mwaka. Mwanzi hutoka ardhini na unene wake wote. Chipukizi likitoka nene kama mkono, mwanzi ule utabaki mnene kama mkono mpaka siku ya kufa kwake. Kwa muda wa miezi michache tu hufikia urefu wake wote, ambao kwa aina hii waweza kuwa mita 10 hadi 20. Ukishafika hapo haurefuki tena wala haunenepi. Kazi iliyobaki ni kukomaa. Katika mwaka wa kwanza ni laini, umejaa maji. Hata mwaka wa tatu au wa nne ndipo unapokuwa mgumu wa kutosha kujengea. Ukiachwa miaka mingi zaidi, huzeeka na kukauka pale pale uliposimama.

Kwa hiyo mtu asiyejua akikitazama kichaka cha mianzi huona yote ni sawa, yote mirefu. Kumbe humo ndani mna watoto, vijana, watu wazima na vikongwe. Mwanzi wa mwaka wa kwanza una maganda bado yameushika miguuni, na unga mweupe chini ya vifundo, na rangi yake inang'aa. Uliokomaa hauna maganda. Rangi imefifia, na madoa ya kuvu yameanza kuonekana juu ya ngozi yake. Ukiugonga kwa mgongo wa panga hulia kwa sauti kavu, ngumu. Ule mchanga hulia kama kibuyu chenye maji.

Sisi hatukuyajua hayo. Tumeyajua kwa kukosea mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa kuiacha yote. Baba alipofariki tulisema, hii ni mianzi ya marehemu, isiguswe. Tukaona huo ndio upendo na ndiyo heshima. Miaka saba ikapita. Katikati ya kichaka mianzi mizee ikafa, isianguke, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuangukia. Ikabaki imesimama, imeshikwa na mingine. Machipukizi yaliyotaka kutoka ndani yalipinda kwa kukosa njia, na mengine yakatoka nje kabisa, kila mwaka hatua moja kuelekea kwa jirani. Tulipohitaji mianzi minne ya paa la banda la kuku, tuliikata chini vizuri, tukaivuta watu watatu, ikakataa kutoka, kwa maana juu imesokotana kama nywele zisizochanwa. Mwishowe jirani yetu, mama mmoja mtu mzima ambaye alikuwa amevumilia muda mrefu, alikuja akabisha hodi, akasema, "Baba, samahani, mianzi yenu imekula njia yangu ya maji." Tuliona haya. Kile tulichokiita heshima kwa marehemu kilikuwa kimegeuka kuwa udhia kwa walio hai.

Kosa la pili tulilifanya kwa sababu ya haya hizo. Tulitafuta vijana wawili wenye mapanga, tukawaambia wafyeke yote, wasibakize hata mmoja. Wakafyeka. Mahali pakawa peupe, jirani akashukuru, nasi tukajisifu kwamba sasa mianzi itaanza upya, yote ya rika moja, imenyooka. Masika yakaja. Ardhini yakatoka machipukizi mengi, lakini membamba kama kidole gumba. Mwaka uliofuata, kama vidole viwili. Ilituchukua miaka mingi kupata tena mwanzi wa kujengea.

Kwa nini ikawa hivyo? Tulielezwa na mzee mmoja, fundi wa nyumba za miti na udongo, aliyekuja kununua mianzi akakuta fito. Alicheka kwanza, ndipo akatufundisha. Alisema: chipukizi linapotoka halina jani hata moja. Linapanda mita baada ya mita bila kuwa na uwezo wa kujilisha. Nani analilisha? Ni akiba iliyowekwa chini, katika mashina yaliyofukiwa na udongo. Na akiba ile imewekwa na majani ya wakubwa. Ukiwaondoa wakubwa wote, watoto watazaliwa, lakini watazaliwa na njaa. Na kwa kuwa mwanzi haunenepi baada ya kuzaliwa, njaa ile hauponi nayo maisha yake yote.

Kisha alituonyesha namna ya kufanya, nasi twaiandika hapa kwa faida ya wenye mianzi kama hii ikaayo kwa kichaka. Mianzi ya milimani, kama ile ya Mlima Kenya na Aberdare, huenea kwa namna nyingine.

Kazi ifanywe wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua machipukizi yanapotoka, maana hapo utayavunja kwa miguu yako. Tena mwanzi uliokatwa majira ya mvua hubunguliwa upesi na wadudu. Kwanza toa iliyokufa yote. Kisha fungua mlango upande mmoja wa kichaka, upande usio na machipukizi mengi, uingie hadi katikati, kwa kuwa mizee iko katikati na michanga iko pembeni. Mwenye haraka hukata ya nje, kwa kuwa ndiyo aifikiayo, na hivyo huwaua vijana na kuwaacha wazee wazibane. Ya mwaka wa kwanza na wa pili usiiguse. Iliyokomaa punguza, lakini usiimalize. Mwaka mmoja usiondoe zaidi ya theluthi moja ya kichaka, na iliyobaki iwe imeachana, kila mmoja upate hewa na jua. Kata chini, juu kidogo tu ya kifundo, ili kisibaki kikombe cha kushika maji, kikaozesha shina na kuzalisha mbu. Majani yaliyoanguka yaache pale pale, ni chakula. Na mianzi uliyokata, iloweke mtoni au dimbwini majuma machache, sukari itoke, kisha uianike kivulini. Ukifanya hivyo kila mwaka, kichaka hakizeeki.

Tangu hapo tumefanya hivyo. Sasa turudi kwa swali la mtoto.

Mwanzi ule una kosa gani? Jibu la kweli ni kwamba hauna kosa. Na hapo ndipo tulipogundua jinsi sisi wenyewe tulivyozoea kufikiri kombo. Katika mawazo yetu, kuondolewa ni adhabu. Mtu akiacha kazi ya chama au ya kamati, swali la kwanza mtaani ni, "Amekula nini?" Akikaa miaka 20, hatuulizi. Akitoka kwa hiari yake, twanong'ona. Kwa hiyo nani atakubali kutoka? Mwenye kosa hatoki, kwa kuwa anaogopa kujulikana. Na asiye na kosa naye hatoki, kwa kuwa anaogopa kudhaniwa. Wote wawili husimama mpaka wakauke, nao waliokauka hushikwa na wengine wasianguke, nasi twaita hali hiyo umoja.

Twayasema haya si kwa kumnyoshea mtu kidole. Twajisema wenyewe. Kwa miaka 17 hazina ya chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu ilikuwa mikononi mwetu. Fedha haikupotea hata shilingi, na hilo twaweza kulisema mbele ya yeyote. Mara tatu mkutano ulimpendekeza binti mmoja, aliyesoma na mwenye mwandiko mzuri, apokee daftari. Mara tatu tulijibu, "Bado hajakomaa." Watu wakanyamaza, kwa kuwa penye wazee haliharibiki neno. Usiku wa mara ile ya tatu mama wa nyumba hii alituambia neno ambalo hatukulipenda. Alisema, "Atakomaaje nawe umemkalia juu?"

Basi tukakubali. Hatukutupa daftari mezani na kuondoka. Tulikwisha kujifunza kosa la pili. Tulikaa naye mwaka mzima. Yeye aliandika, sisi tulitazama. Watu walikuja kwake, naye alipokwama aligeuka kutuuliza. Siku moja, akilinganisha vishina vya stakabadhi na daftari, akasema kwa adabu, "Shikamoo babu, samahani, jina hili mbona limerukwa?" Lilikuwa jina la mjane mmoja. Kwa miaka miwili alikuwa amelipa ada yake, na stakabadhi tulimpa, lakini daftarini hatukumwandika. Mwandiko ulikuwa wetu na kosa lilikuwa letu. Alipofiwa na kaka yake, chama kilimpa nusu ya msaada, kwa hoja kwamba ana deni. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Tukamwuliza kwa nini hakusema wakati ule. Alijibu, "Nilikuwa na karatasi zangu. Lakini nitamwulizaje mzee mbele ya watu?"

Chama kimemlipa. Maneno yale lakini yametukaa rohoni. Miaka 17 bila wizi, tukadhani tumemaliza haki yote. Hatukujua kwamba kule kukaa kwetu tu, urefu wetu tu, kulikuwa kumemfunga mtu mdomo siku ya msiba wake. Mwanzi mzee ulio katikati hauwadhuru wengine kwa ubaya. Huwadhuru kwa kusimama.

Ndiyo maana sasa twasema: kukata si adhabu, na si kila kuondoka ni kufa. Mwanzi ukiachwa mpaka ufie kichakani, hautafaa kwa kitu. Wadudu wameula, hata kuni zake huwaka na kuisha mara moja. Ukikatwa mwaka wa nne au wa tano, ungali na nguvu zake, huwa pau na kubeba paa, huwa ngazi, huwa uchaga wa kuanikia vyombo, nao hudumu miaka mingi ukiwa mkavu na umekingwa na mvua. Tena mtu aliyetoa daftari angali na miguu ya kuwatembelea wagonjwa, angali na masikio ya kuwasikiliza wenye shauri. Sisi wenyewe tumeona kwamba watu waliokuwa wakituogopa kwa ajili ya daftari, sasa huja kuzungumza nasi barazani.

Lakini hapa hapana budi kusema wazi, maana mfano huu waweza kutumiwa vibaya, na mfano mbaya ni panga mikononi mwa mtoto. Mtu si mwanzi. Kuna mambo matatu ambayo mwanzi hauwezi kutufundisha, na tukiyasahau tutafanya dhambi.

La kwanza, mwanzi hauulizwi, bali mtu huulizwa. Vijana wanaosema, "Wazee watoke," wakidhani wameshaeleza kila kitu, wanataka kufyeka kama sisi tulivyofyeka, nao watavuna fito. Mzee aambiwe kwa heshima, apewe muda, aombwe akae kando ya mrithi wake. Na mwenye kushika panga ajiulize: nakata kwa ajili ya kichaka, au nakata kwa sababu nahitaji boriti? Katika Injili ya Yohana, sura ya 15, mwenye kusafisha matawi ni mkulima. Matawi hayakupewa kisu yasafishane.

La pili, tusidhani wanaokatwa isivyofaa ni wazee peke yao. Wenzetu wa Iringa na Njombe wana mianzi ya ulanzi. Majira ya mvua hukata ncha ya chipukizi, huipunguza tena asubuhi na jioni, na utomvu hutonea katika mbeta, ambayo nayo ni kipande cha mwanzi. Kinywaji hicho ni kitamu kikiwa kipya, na si neno letu kuwahukumu. Lakini kila mgema ajua kwamba chipukizi lililogemwa halitakuwa nguzo tena. Mwenye akili hugema machache na kuyaacha mengine yakue. Je, sisi hatugemi watoto wetu? Binti anayetolewa shuleni akalee mtoto wa ndugu mjini, mvulana anayeuza karanga stendi hadi usiku ili nyumba ipate chumvi: ule ni utomvu mtamu wa leo, nao hulipwa kwa nguzo ya kesho. Twajua umaskini ni mkali, na wengine hawana njia. Wenye njia basi wasijifariji kwa kisingizio cha wasio nayo.

La tatu, na hili ndilo kubwa. Katika kichaka twaondoa uliopinda, wenye ugonjwa, uliovunjwa na upepo. Kwa watu ni haramu. Mgonjwa wa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa na ulemavu, bibi aliyesahau majina ya wanawe, hao si wa kupunguzwa ili wazima wapate nafasi. Katika Biblia yetu ya Kiswahili neno mwanzi limo, na nabii Isaya, sura ya 42, anamsifu mtumishi wa Bwana kwa kuuhurumia ule ambao mkulima yeyote angeuondoa. Kinachopunguzwa kati yetu ni vyeo, funguo na viti vya mbele. Watu hawapunguzwi. Nyumba inayochanganya mambo hayo mawili imekwisha kupotea, hata kama bustani yake ni safi.

Basi tulimjibu nini mtoto? Jioni ya siku ya pili tulimwita, tukamwonyesha mwanzi ule, umelazwa pamoja na wenzake tayari kupelekwa mtoni. Tukamwambia, "Hauna kosa. Umefanya kazi yake pale, sasa unakwenda kufanya kazi nyingine. Ukishakauka tutauweka juu ya jiko la bibi." Aliufikiria kidogo, akauliza tena, "Na ule mwembamba pale, mbona mmeuacha?" Tukamwambia ni wa mwaka huu, tutauona tena yeye atakapokuwa darasa la nne. Akaenda akaufunga uzi mwekundu, asije akausahau.

Ndugu zetu, kiangazi hakiko mbali. Wenye mianzi waitazame mapema, waijue ipi ni ya mwaka gani, kabla ya kunoa panga. Na sisi tulioshika daftari, funguo, kengele, au neno la mwisho katika familia, tuitumie nafasi hiyo hiyo kujihesabia miaka. Tusingoje kuulizwa mara tatu. Tumtafute aliye mchanga karibu nasi, tumfungulie mlango, tukae naye mwaka mmoja. Tena tulipitie daftari la zamani pamoja naye, jina kwa jina. Huenda kuna mtu aliyerukwa, naye bado anaona haya kusema.